Riwaya za upelelezi zenye vichekesho: mzaha unawekwaje karibu na maiti?

Mkekani

Wadau wa vitabu, hamjambo. Swali langu ni kwa wanaozijua kwa undani zile riwaya za upelelezi ambazo msomaji anamtafuta muuaji huku anacheka. Mpelelezi wake si askari wala jasusi, ni mtu wa mtaani mwenye vituko vyake, na kitabu kikiisha unamkumbuka yeye kuliko marehemu.

Mvuto wake unatoka wapi hasa? Na zinajengwaje? Nina mchoro mkononi: mji mdogo wa pwani, mpelelezi ni mama lishe, wateja wake ndio watuhumiwa. Sura nne za mwanzo zinachekesha. Sura ya tano anakufa mtu, na hapo vichekesho vinakauka kama kisima cha kiangazi. Nikivirudisha kwa nguvu vinaonekana kiraka.

Tafadhali msiniambie "andika kutoka moyoni". Nataka vipimo: mzaha ukae wapi, watuhumiwa wangapi, dalili ngapi, na makosa gani huua kitabu.

KikoNaTochi

Mleta mada, kiraka kinaonekana kwa sababu umetenga vitu viwili. Kwako kichekesho kiko upande huu na dalili ziko upande ule. Riwaya hizi zikiandikwa vizuri, hivyo ni kitu kimoja. Msomaji anayecheka huwa ameacha kuchunguza kwa sekunde mbili tatu, na hizo ndizo sekunde ambazo mwandishi anapitisha magendo yake.

Chukua mfano huu, nimeutunga sasa hivi. Kuna mzee mwenye ghala la nafaka, bahili wa kupigiwa mfano. Kila usiku, baada ya kurudi msikitini, hupanda kigoda, akaichomoa balbu ya barazani na kuitia mfukoni, ili jirani asipate mwanga wa bure. Sura ya 2 mtaa mzima unamcheka. Watoto wamempa jina, Mzee Balbu. Sura ya 5 amekutwa amekufa kizingitini kwake. Polisi wanaorodhesha vilivyokuwa mfukoni: kitambulisho, tasbihi, shilingi 3,200, balbu moja, ufunguo wa ghala, na kipande cha sabuni ya kuogea kilichofungwa kwenye gazeti. Watu wanaangua kicheko kwa sababu ya sabuni: kumbe alikuwa anatembea nayo ili wajukuu wasiimalize! Sura ya 8 shahidi anaapa kwamba baada ya kusikia ukelele alimwona mpangaji akitoka mbio, "taa ya barazani ikimmulika usoni".

Taa ipi? Balbu ilikuwa mfukoni mwa marehemu.

Tazama kilichofanyika. Tabia ya kuchekesha ndiyo iliyozaa dalili, kwa hiyo mwandishi hakulazimika kuitafutia mahali. Dalili imewekwa katikati ya orodha, maana cha mwanzo na cha mwisho ndivyo vinavyokaa kichwani. Kichekesho kikubwa zaidi, sabuni, kimekaa nyuma yake kikaifunika. Na kutoka sura ya 2 hadi ya 8 msomaji ameiona balbu mara mbili waziwazi. Hawezi kulalamika kwamba amefichwa.

Kwa hiyo andaa kinyume. Usianze na "niweke kichekesho gani hapa". Orodhesha dalili zako zote za kweli kwenye karatasi, halafu kwa kila moja jiulize: ni kituko cha nani kingeweza kuifanya ionekane ni mzaha tu? Dalili ambayo haipati mwenyewe mtaani itoe, hata kama ni ya werevu.

Kuhusu mvuto, Waswahili tuna mfano wetu wa zamani. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, amepewa herufi za kwanza za jina la mwandishi mwenyewe, na huo tayari ni utani. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya mtu aliyekaa barazani bila haraka ya kwenda popote. Watu wakiangalia mizimu, yeye anawaangalia watu. Ukimuuliza msomaji wa zamani habari za vitabu vile, atakueleza kiko na mazungumzo kabla hajafika kwenye kisa. Mvuto ndio huo. Fumbo ukishalijua limekwisha, lakini mtu unaweza kurudi kumtembelea.

Bint Pangani

KikoNaTochi, mfano ni mtamu ila una matundu, na ni vizuri mleta mada ayaone, maana kwenye aina hii wasomaji ni wakali kuliko karani wa mahakama.

La kwanza ni muda. Shahidi akisema tu "nilimwona mpangaji akitoka", mtu atasema huenda mpangaji alitoka salama, mzee akaichomoa balbu, kisha akauawa na mwingine. Umeliziba kwa maneno "baada ya kusikia ukelele". Sawa, lakini neno hilo lazima lirudiwe na shahidi wa pili ambaye hana sababu ya kusema uongo, tena kwa saa. Isha imekwisha, mzee huchomoa balbu saa tatu kasoro robo, ukelele saa tatu na nusu. Maiti haipandi kigoda.

La pili, balbu ya akiba. Nani kasema hakuwa na nyingine? Hapa ubahili wake ukutumikie tena: ndani ya nyumba anawasha koroboi, na balbu yenyewe ndiyo hiyo moja tu, aliipata kwenye harusi ya mtu. Msomaji atacheka, na tundu limezibika.

La tatu ni mwezi. Usiku wa mbalamwezi uso unaonekana bila taa, kesi yako ikafa hapo hapo. Weka mauaji tarehe 28 Shaaban. Mji mzima unajiandaa na Ramadhani, kesho yake watu watapanda juu ya paa kutafuta mwandamo, kwa hiyo kila msomaji wa pwani anajua bila kuambiwa kwamba jioni hiyo mbinguni hakuna mwezi. Unatoka karibu na alfajiri, nao ni uzi mwembamba tu. Tena utapata kichekesho cha bure, wale wazee wanaogombana kila mwaka nani aliuona kwanza.

La nne ni simu. Leo kila mtu ana tochi mkononi. Ama hadithi iwe ya miaka ya 1980, ama shahidi abanwe kwa maneno yake mwenyewe: alitaja taa ya barazani, hakutaja tochi. Mfanye ayarudie mara mbili mbele ya watu tofauti, asije akageuka.

Padri wa Kiingereza, Ronald Knox, aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za hadithi za upelelezi. Baadhi zimechakaa, lakini ile ya kwamba mpelelezi hapaswi kugundua dalili bila kumwonyesha msomaji papo hapo bado ni sheria ya mchezo. Kwenye riwaya za kuchekesha ni kali zaidi. Msomaji aliyecheka akagundua baadaye kwamba alikuwa anachezewa kwa haki, atacheka mara ya pili. Akigundua kwamba alidanganywa, vile vicheko vyote vya mwanzo vinageuka chumvi kwenye kidonda.

Mkekani

Balbu imenifungua macho, asanteni. Sasa lile la pili: kifo. Kwetu msiba ni jambo zito. Nikianza kuchekesha siku ya matanga, msomaji si ataona nimekosa adabu?

Mtani_wa_Ugweno

Hapa ndipo mwandishi wa Kitanzania ana mtaji ambao Mwingereza hana, na sielewi kwa nini hautumiki zaidi. Mkuu, tuna utani. Wachaga na Wapare, Wangoni na Wasukuma, na wengine wengi. Na mahali utani unapochacha kuliko pengine popote ni msibani. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anamwambia maiti "amka ulipe deni langu". Wafiwa wanalia na kucheka kwa pamoja, wala hakuna anayesema amekosa adabu. Angekosa adabu kama asingefanya.

Sasa mtazame mtani huyo kwa jicho la mpelelezi. Ana ruhusa ya kuuliza mbele ya watu maswali ambayo askari akiyauliza atatolewa mkuku: "Wewe shemeji, mbona unalia kwa jicho moja? La pili linahesabu mashamba?" Anaingia chumba cha marehemu bila hodi. Anashika vitu vyake. Na akimkera mtu, mtu huyo haruhusiwi kununa. Anayenuna amejitangaza.

Mfano mmoja. Mtani anavaa viatu vya marehemu vilivyokutwa mlangoni ili aige mwendo wake wa kuchechemea. Anajikwaa, kiatu kinamchomoka, anaanguka mbele ya waombolezaji, watu wanashika mbavu. Anavaa tena, kinachomoka tena. Sura sita baadaye, usiku, anakaa kitandani na kukumbuka kwamba yeye na marehemu walikuwa wakiazimana viatu tangu shuleni na vilikuwa vikiwakaa sawasawa. Viatu vile vya mlangoni havikuwa vya marehemu. Kuna mtu aliondoka kwa haraka na jozi isiyo yake.

Tahadhari za kiutendaji. Tumia watani wa kweli. Ukimpa mtani wa kabila lisilohusika, wasomaji watakukamata kabla ya ukurasa wa kumi. Utani una mipaka: marehemu akiwa mtoto mdogo, usifanye. Mwili ukiwa haujapatikana, usifanye. Na matani yamguse marehemu aliyeishi umri wake, au tabia ya aliye hai inayojulikana na wote, kamwe si aibu ya siri ya mjane. Kwa pwani, ambako kwenye mazishi ya Kiislamu watu hupendelea utulivu, usiulazimishe. Muda wa mzaha huko ni baada ya kurudi makaburini, wakati wa kula, kwenye mkeka wa wanaume na uani kwa wanawake. Mama lishe wako atakuwa jikoni na sufuria za wali. Kwa hiyo anasikia ya uani yote, na ya mkekani yanamfikia kila anayekuja kuchukua sinia.

mhariri_kimya

Niongeze vipimo, kwani ndivyo vilivyoombwa.

Urefu. Miongozo ya Kiingereza hutaja maneno 70,000 mpaka 80,000 kwa riwaya za namna hii. Usiichukue jinsi ilivyo. "Hawatanikumbuka" kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni matano. Punguza kama robo: 50,000 mpaka 60,000 ya Kiswahili yanatosha kabisa. Sura 28 za maneno 2,000 ni umbo zuri. Mwenye haraka anamaliza moja kwenye daladala.

Kifo cha sura ya 5 hakijachelewa sana kama sura nne za mwanzo zinafanya kazi mbili. Zipitie sasa hivi: kila kituko kilichomo, je, kinarudi baada ya sura ya 10 kikiwa na maana nyingine? Kisichorudi ama kikate, ama kipe mzigo. Katika rasimu nyingi za aina hii nusu ya vituko vya mwanzo havina mzigo wowote, na ndiyo maana mtu akishakufa mwandishi anajikuta hana akiba.

Watuhumiwa watano. Wanne ni wachache, msomaji anabahatisha. Saba wanachanganya, na kwa majina yetu ya pwani utakuwa na Salum, Salim, Selemani na Salma kwenye ukurasa mmoja. Wape herufi za mwanzo tofauti, na kila mmoja awe na jina la utani mtaani.

Sasa hili ndilo nililijia. Kila mtuhumiwa awe na siri, na siri nne kati ya tano ziwe za aibu, si za damu. Mmoja anaitwa Alhaji na safari yake iliishia Mombasa. Mmoja anapaka ndevu piko usiku na kudai ni damu ya ujana. Mmoja, mteja mkubwa wa mama lishe, hula chakula cha mchana kwa mshindani wake kisha anakuja kula tena kwa kuogopa lawama. Mmoja hajui kusoma, na miaka ishirini amekuwa akilishika gazeti barazani. Wote wanne watadanganya kuhusu walipokuwa usiku ule, kwa nguvu ileile anayodanganya nayo muuaji. Yule shahidi wa balbu si lazima awe muuaji! Huenda alitunga habari ya taa kwa sababu wakati wa ukelele alikuwa amejificha nyuma ya nyumba akipaka ndevu, na akaona aibu kusema. Katikati ya kitabu siri hizi zinafunguka moja baada ya nyingine, takriban kila sura tatu, na kila moja ni kicheko na ni mtuhumiwa mmoja aliyeondoka kwenye orodha. Kwa njia hiyo vichekesho havikauki baada ya kifo. Vinazalishwa na upelelezi wenyewe.

Dalili za kweli sita mpaka nane, za kupotosha tatu. Kila dalili ya kweli ionekane mara mbili kabla ya kufumbuliwa, mara ya kwanza ikiwa ndani ya mzaha, mara ya pili ikipita kama jambo la kawaida. Ikionekana mara tatu, msomaji mwerevu amekushika.

Kichekesho cha kurudiarudia. Alexander McCall Smith, aliyeanza mwaka 1998 mfululizo wake wa mpelelezi mwanamke wa Gaborone, Botswana, ana katibu anayeitwa Makutsi aliyepata asilimia 97 katika mtihani wa chuo cha ukatibu. Alama hizo zinatajwa kitabu baada ya kitabu. Hazichoshi kwa sababu kila zinapotajwa zinafanya kazi tofauti: mara ni kiburi, mara ni ngao ya mtu aliyedharauliwa, mara ni uchungu kwamba waliopata nusu yake walipata kazi kwa sura zao. Kanuni ya vitendo: mara ya kwanza mweleze msomaji, mara ya pili mkumbushe, mara ya tatu geuza. Ukifika ya nne bila kugeuza, futa.

Vichekesho vya lugha viangalie. Andrea Camilleri, kwenye riwaya zake za Sisilia zilizoanza mwaka 1994, ana askari wa mapokezi, Catarella, anayeharibu kila jina analopokea kwenye simu. Ni kichekesho, lakini pia ni chombo, maana taarifa inafika kwa mkubwa wake Montalbano imepinda na lazima inyooshwe. Kwetu kishawishi ni kumchekesha mtu kwa lafudhi: Mmakonde asemeshwe hivi, Mhindi mwenye duka asemeshwe vile. Ukurasa wa tatu imeshachosha, na mara nyingi ni dharau tupu. Lafudhi ikiwepo, ibebe dalili. Shahidi aliyesikia "kura" kumbe mtu alisema "kula", hiyo ina kazi.

Askari wasiwe wajinga. Ni kosa la kawaida kuliko yote. Inspekta akiwa zuzu, ushindi wa mama lishe hauna thamani. Mfanye awe mwerevu ila mgeni: ametoka bara, anajua sheria, hajui nani amenuniana na nani tangu mwaka juzi. Mama lishe anajua hilo, ila hana mamlaka ya kumkamata hata kuku. Wanahitajiana, na kila mmoja anaona aibu kukiri. Mazungumzo yao juu ya sahani ya maharage yatakuandikia vichekesho bila wewe kujitahidi.

Mzee wa Jalada Jeusi

Naomba nipinge kidogo. Mnasema mvuto ni mtu wala si fumbo. Wasomaji wa Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, hawakuwa wanatafuta kucheka, walitaka mapigo ya moyo yaende mbio. Mzaha unapunguza hofu, na hofu ikipungua msomaji anaweka kitabu pembeni. Nimeona rasimu nyingi za "upelelezi wa kuchekesha" ambamo kufikia katikati hakuna anayejali nani aliua.

mhariri_kimya

Mzee, rasimu hizo zipo, na ugonjwa wao unajulikana: marehemu ni kisingizio. Katupwa pale ili hadithi ianze. Msomaji hatajali muuaji kama hakumjali aliyeuawa. Dawa si kupunguza mzaha, ni kumpa marehemu kitu kimoja kizuri cha siri. Mzee Balbu yule bahili, katikati ya kitabu igundulike kwamba miaka sita alikuwa analipa ada ya mtoto wa jirani, kwa sharti asitajwe. Tangu hapo kila kicheko kuhusu balbu kina donge ndani yake, na msomaji anataka muuaji apatikane. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unatosha. Ukizidisha, unakuwa wasifu wa marehemu.

Hofu pia haiondoki, inabadilika tu. Kwa Willy Gamba unaogopa risasi. Huku unaogopa kwamba muuaji ni mtu uliyeanza kumpenda.

KikoNaTochi

Naunga mkono hilo la mwisho. Na ndiyo maana muuaji naye lazima awe wa kuchekesha. Ukiwa na watu watano, wanne wana vituko na mmoja yuko makini mno, umeshamtaja. Mpe kituko kizuri kabisa, kipenzi cha wasomaji, halafu kituko hichohicho kiwe mlango wa kumkamata. Richard Osman, katika kitabu chake cha 2020 kuhusu wazee wanne wa makazi ya wastaafu huko Kent, amempa mmoja wao, Joyce, shajara. Sura za Joyce zinaruka kutoka kwenye mauaji hadi kwenye keki katika aya moja. Msomaji anazichukulia kama mapumziko, na kwenye mapumziko ndipo mtu anapolegeza macho. Mama lishe wako asiandike shajara. Ana daftari la madeni. Nani kakopa nini, siku gani, saa ngapi, na maoni yake pembeni: "Chapati 2, chai 1, kasema atalipa Ijumaa, Ijumaa ipi hakusema." Hilo ni rekodi ya mji mzima, yenye tarehe. Weka ukurasa mmoja wa daftari kila baada ya sura nne, usizidi mistari kumi.

Na muuaji akamatwe humo: mtu maarufu kwa kukopa, ambaye asubuhi ya tarehe 29 mstari wake umekatwa kwa kalamu nyekundu, "kalipa yote, na chenji kaacha".

Mkekani

Daftari nalichukua. Swali la mwisho: sura ya kumfichua muuaji mbele ya wote, nichekeshe au nisichekeshe?

Bint Pangani

Chekesha mpaka jina litajwe, halafu nyamaza. Watu wote wamekaa, mama lishe anapitisha chai, watu wanagombania kigoda kile cha mzee, anawasomea madeni yao mmoja mmoja kwa sauti, kila mtu anacheka la mwenzake. Zile siri za aibu zimeshafunguka, kwa hiyo wote wamelegea. Akifika kwenye mstari mwekundu asibadilishe sauti. Asome kama alivyosoma mengine. Atakayeacha kucheka kwanza ndiye.

Kuanzia hapo kurasa mbili bila mzaha wowote. Maelezo ya jinsi ilivyofanyika yasizidi maneno 800. Ukihitaji zaidi ya hapo, kuna dalili uliyoiruka nyuma, irudishe mahali pake kwenye sura za kati. Mzaha uruhusiwe tena kwenye sura ya mwisho, na utoke kwa mtu ambaye hajawahi kuchekesha kitabu kizima. Inspekta anafaa. Anakuja asubuhi, anaagiza chai, anauliza bei ya sukari, kisha anaomba aandikwe.

Mtani_wa_Ugweno

Na Ijumaa ipi asiseme.